Barua kwa Dada: ile picha ya mbwa

Penrith, Uingereza, mwanzoni mwa Januari

Dada yangu mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mguu wa Mama umepungua uvimbe. Mimi sijambo. Kazi ipo, baridi ipo, tunamshukuru Mungu.

Nimeandika badala ya kutuma sauti kwa sababu nyumba ile haina siri. Ukifungulia sauti yangu pale sebuleni, mpaka jirani wa ng'ambo ya mfereji anajua nimesema nini. Hii isome peke yako kwanza. Ukimaliza, msomee Mama zile sehemu zinazosomeka. Za Baba Mdogo ziruke, na Mama akiuliza mbona unanyamaza katikati, mwambie simu inagoma.

Hela ya bati nimeituma juzi kwa jina lako, siyo la Kaka, na unajua kwa nini. Ile nyingine uliyoitaja, ya kesi ya mpaka wa shamba, nitaifikia huko mbele, usiikimbilie.

Kwanza hili la picha, maana limenikaa kooni tangu Ijumaa. Umeniambia, tena unacheka, kwamba watu huko wanauliza kama siku hizi nimeajiriwa kuchunga mbwa. Watu gani, Dada? Maneno yenyewe ya Baba Mdogo niliyaona kwenye grupu la ukoo, chini ya picha yangu: "Tulichanga nauli aende akatafute maisha, kumbe kaenda kuogesha mbwa." Vikafuata vicheko. Na mchango wake yeye kwenye hiyo nauli tunaujua wote: aliahidi mbuzi, akaleta dua. Sikumjibu, kwa sababu yeye ndiye baba tuliyebaki naye, na mtu hamjibu baba yake mbele za watu. Lakini Kaka alikuwa hewani, Salma alikuwa hewani, wewe mwenyewe ulikuwa hewani, na hakuna aliyesema hata "jamani". Hilo ndilo lililoniuma. Mbwa wala si hoja.

Basi nikueleze ile picha ni ya wapi.

Kile kitu cheusi chenye mistari myeupe nyuma yangu ni ziwa. Linaitwa Grisedale Tarn, liko juu milimani, zaidi ya mita 530, limebanwa na milima mitatu: Dollywaggon Pike, Seat Sandal na Fairfield. Hii ndiyo ile nchi ya maziwa ya kaskazini magharibi, Lake District, ambayo UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2017. Watu wanapanda ndege kutoka Japani waje kuiona, na hoteli wanalipa. Mimi milima yake naiona nikitoka zamu, bure, kwenye dirisha la basi. Mwambie na hilo.

Mbwa si wangu. Ni wa mpishi wetu kazini, yule mama wa makamo niliyekusimulia aliyenipunguzia mapazia. Mumewe aliteleza kwenye ngazi akavunjika kifundo cha mguu, na mbwa wa huku wasipotembezwa wanaitafuna nyumba. Wako wawili. Moss ni mweusi na mweupe, wa aina ile inayochunga kondoo, mpole, macho hayatulii. Pip ni kadogo, kana manywele magumu, na kiburi chake kinazidi mwili. Sasa milimani kuna kondoo kila upande, na majike mwezi huo wa Desemba wana mimba, huzaa Aprili. Mbwa akiwakurupusha mimba zinaharibika, na mfugaji akishindwa kumzuia kwa njia nyingine, sheria inamruhusu kumpiga risasi. Kwa hiyo ni kamba mkononi mwanzo mpaka mwisho, na mtu mmoja kushika kamba mbili juu ya mawe yenye barafu ni kujitafutia jeneza. Akaniomba nimshikie mmoja. Nikakubali. Sikulipwa hata senti. Nilikwenda kutembea.

Najua hilo linavyosikika. Mtu mzima, siku yake ya mapumziko, anadamka gizani kupanda mlima ambao juu yake hana shamba, hana ng'ombe, hana mgonjwa wa kumjulia hali. Akifika anaangalia, halafu anashuka. Mama atasema nimechezewa. Lakini huku ndiyo starehe ya wakubwa na wadogo, maprofesa na mafundi bomba, na kazini ukiwaambia umefika Grisedale Tarn Desemba, tena siku ya upepo ule, wanakutazama upya. Msimamizi wangu, ambaye tangu niingie alikuwa akiniita kwa jina la mwenzangu Mnigeria, sasa ananiita kwa jina langu.

Viatu unavyoviona ni vya ngozi, vya mlimani hasa. Dukani vipya ni zaidi ya pauni 100. Mimi nimevipata kwenye duka lao la mitumba, lile la hisani, kwa pauni 12, na havijaingiza hata tone. Bongo haijaniishia.

Tulianzia Glenridding, kando ya ziwa kubwa la Ullswater. Mwezi ule jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi na kabla ya saa kumi jioni limeshakwenda zake, kwa hiyo huna muda wa kujivuta. Ziwa la kwanza kulifikia ni dogo, Lanty's Tarn, limezungukwa na miti mirefu. Matajiri wa zamani wa jumba la Patterdale walilizibia maji liwe kubwa, likiganda wakate barafu, waiweke kwenye chumba cha mawe walichokijenga ardhini hapo kando, wapate ubaridi wa jikoni mpaka kiangazi. Nikamwambia mpishi, sisi kwetu friji tunayo, umeme ndiyo unatusumbua. Alicheka mpaka Pip akabweka.

Pale kwenye miti hukujua kama kuna upepo. Tulipoteremkia bonde la Grisedale ndipo tulipoujua. Upepo wa huku, Dada, hausukumi moja kwa moja ukauzoea. Unakuja kwa vipigo. Unauegemea, ghafla unakatika, unabaki unaanguka mbele, kabla hujajishika unakupiga ubavuni. Unausikia kabla haujafika, unanguruma juu kule kwenye majabali, unahesabu, halafu huo. Moss alijifunza haraka: akisikia ngurumo analala tumbo chini, masikio nyuma, anasubiri upite, anaendelea. Pip hakutaka kujifunza. Alisimama kubishana nao, masikio yamepinduka nje ndani mpaka unaona waridi lake, mpaka ukamnyanyua miguu ya mbele nikamvuta kwa kamba. Kamba yenyewe ikikaza ilikuwa inalia, naisikia ndani ya glavu. Na kuna kijito kinachoanguka upande wa kulia kutoka juu; nilikitazama mara mbili nisiamini, maji yalikuwa hayafiki chini. Yakifika ukingoni yanarudishwa juu yote, yanatawanyika.

Huo mlima wa kulia ndio Helvellyn, mita 950. Kileleni hatukwenda. Kuna watu wameajiriwa na hifadhi ambao majira ya baridi kazi yao ni kuupanda kila siku kwa kupokezana, wapime upepo, baridi na theluji, waandike ripoti watu waisome kabla hawajatoka nyumbani. Hao ndio walioajiriwa kupanda mlima, na mshahara wanapata. Hawajasemwa kwenye grupu la mtu. Ripoti ya siku ile ilisema juu hakufai, mpishi akasema mwisho wetu ni ziwani, na njia tunayopita tukaiacha imeandikwa kwa mumewe. Filimbi mfukoni, tochi za kichwani kwenye begi. Ukipotea unapuliza filimbi mara sita kwa dakika, unapumzika dakika, unarudia. Waokoaji wanaokuja kukutafuta ni watu wa kujitolea, mwalimu, fundi, muuza duka, wanaacha chakula mezani usiku wa manane na hawalipwi. Nilimuuliza mpishi mara mbili, kweli hawalipwi? Hawalipwi.

Nikiwa nimeutazama Helvellyn ndipo aliponipa kisa ambacho nataka ukisome polepole, kwa sababu hiki ndicho jibu langu.

Mwaka 1805, Aprili, kijana mmoja msanii, Charles Gough, alitoka upande huu wa Patterdale kuvuka mlima kwenda Grasmere, peke yake na mbwa wake jike. Hakufika. Hakuna aliyejua aliko. Miezi mitatu baadaye, mwezi wa saba, mchungaji akasikia mbwa anabweka chini ya majabali, karibu na ziwa lililoko mgongoni mwa ule mlima, Red Tarn. Kwenda kutazama, akakuta mifupa ya Gough, na mbwa bado yupo pale pale. Miezi mitatu, Dada. Mvua na baridi ya mlimani, bila wa kumpa kitu. Alikuwa amezaa hata mtoto, akamfia hapo. Wapo waliosema siku zile kwamba aliishi kwa kumla bwana wake, na najua kabisa Baba Mdogo akikisikia kisa hiki atashika hapo hapo. Lakini wengine walimtungia mashairi, washairi wakubwa wa nchi yao, na mwaka 1890 wakamsimamishia jiwe la ukumbusho kule juu. Jiwe lipo mpaka leo.

Usinielewe vibaya. Sijasahau nilikotoka wala alichonifundisha Maalim. Mate ya mbwa ni najisi, chombo kinaoshwa mara saba na moja kwa udongo, na kwa kuwa huku kwenye mvua hakuna kitu kikavu, suruali ile ya mvua na zile glavu nilizitenga tangu mwanzo, hazigusi nguo nyingine, na nilipofika nyumbani nilizifulia kwenye beseni lake na udongo nikachota bustanini. Mwenye nyumba wangu alinichungulia dirishani, hakuuliza. Mweleze Mama hayo yote neno kwa neno, maana najua yeye hapati usingizi kwa ajili ya sala zangu, hapati usingizi kwa ajili ya hela. Lakini mkumbushe pia Suratul Kahf, anayoisoma kila Ijumaa. Wale vijana wa pangoni walikuwa na nani mlangoni? Mbwa wao, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, na Mwenyezi Mungu akamtaja pamoja nao. Sasa Baba Mdogo, ambaye ni mhudumu wa msikiti, anashindwaje kumtaja mbwa bila kutema mate?

Turudi njiani. Mwisho wa bonde njia inapanda kwa mawe yaliyopangwa, kuna kibanda cha mawe kimefungwa kwa kufuli, na baada ya hapo barafu nyembamba juu ya mawe, ile usiyoiona. Mpishi, na umri wake, alikuwa anakanyaga bila kutazama. Mimi nilitazama kila hatua. Halafu njia ikalala ghafla na ziwa likawa mbele yetu lote.

Sikuwahi kuona maji yanatendewa vile. Upepo ulikuwa unateremka kutoka Dollywaggon, unalipiga ziwa, unayainua maji ya juu na kukimbia nayo kama vumbi la stendi gari linapoondoka kwa hasira. Pazia zima jeupe linatoka ng'ambo, linavuka ziwa, linatufikia usoni, baridi mpaka meno. Kati ya pazia na pazia, sekunde chache, maji yanakuwa meusi, na mawimbi madogo yanapiga ufuoni. Mpishi alikuwa ananipigia kelele nami simsikii. Baadaye akaniambia alikuwa ananisimulia habari za mfalme wao wa kale, Dunmail. Hadithi inasema aliposhindwa vitani askari wake walikimbia na taji lake wakalitupa humo ziwani. Mimi nilidhani ananiambia nirudi nyuma.

Hapo ndipo alipopiga picha. Sicheki kwenye picha ile, nimekenua kwa upepo. Wewe uliyesema nimenenepa, ni makoti.

Adhuhuri ilikuwa imeingia. Nikajibanza nyuma ya jiwe kubwa, nikatia udhu kwa maji ya lile ziwa, na kuanzia viwiko mpaka vidole sikujua tena kama mikono ni yangu. Nikavua suruali ya mvua, nikatoa kikoi cha Mama kwenye mfuko wa plastiki, kile cha michirizi ya bluu, nikajifunga juu ya suruali ya ndani ya sufu. Kibla huku ni kusini mashariki, simu ilinionyesha. Upepo ulikuwa unakipuliza kikoi mpaka nikalazimika kukibana kwa magoti katika kila sijida. Mpishi alikaa mbali kidogo na mbwa wote wawili, amewashika makamba mafupi, amegeuka upande wa pili kwa adabu. Mwambie Mama kikoi chake kimesaliwa mahali ambapo sidhani kama kimewahi kufika kikoi. Hilo msomee mara mbili akitaka.

Kuna jiwe jingine pale, hatua chache kutoka ziwani kwenye njia ya kushukia, lina maandishi ya kuchonga ambayo mvua imeyala, husomi kitu. Mshairi William Wordsworth aliagana hapo na mdogo wake, John, mwaka 1800. Mdogo mtu alikuwa baharia, akaenda zake kazini. Mwaka 1805, mwaka ule ule wa kijana na mbwa, meli aliyokuwa nahodha ilizama karibu na pwani ya kusini ya nchi hii hii, watu zaidi ya 200 wakafa, na yeye mmoja wao. Nililigusa lile jiwe kwa glavu. Mpishi akaniuliza kama nina ndugu, nikasema ninao, wengi, na wote wananidai. Alidhani natania.

Hii sehemu ya jiwe usimsomee Mama.

Kurudi tulirudi na upepo mgongoni, ambao ni mbaya zaidi kwa magoti, na tulifika Glenridding na tochi kichwani. Mpishi akanipa chai ya chupa na keki ya tende aliyoioka kwa ajili yangu, baada ya kusoma karatasi ya viungo kwanza kwa sababu yangu. Mbwa walilala kwenye gari kabla halijawashwa. Mimi nililala mpaka mchana wa kesho yake, nikaingia zamu ya usiku. Zamu za usiku ni za kawaida, usiziwaze. Na nimesahau kukuambia: kuanzia Februari nitakuwa kiongozi wa zamu. Wameniandikia barua. Wazee kumi na wanane na wahudumu watatu, wote chini yangu usiku. Hiyo iweke kwenye grupu, na barua yenyewe nitakutumia picha yake uibandike, uone nani atacheka.

Sasa la shamba.

Nimekuambia kondoo wako kila upande kule. Wanaitwa Herdwick. Wanazaliwa weusi tii, wakikua wanakuwa wa kijivu, nyuso nyeupe, wanene, wanatafuna tu kwenye upepo ambao unamwangusha mtu. Mabondeni kuna kuta za mawe, hazina saruji hata chembe, jiwe juu ya jiwe, zinapanda mlimani wima, nyingine zina zaidi ya miaka 200 na zimesimama. Lakini huko juu kabisa hakuna ukuta wala uzio. Nikauliza, sasa kondoo wa huyu na wa yule wanatenganaje? Nikaambiwa kila kundi lina eneo lake la mlima na halitoki. Kondoo jike amelijua kwa mama yake, anamwonyesha mwanawe wakiwa wanatembea wote malishoni, mwana naye wake. Mfugaji akiuza shamba, mara nyingi kundi linauzwa pamoja na mlima, kwa sababu wakiletwa wageni watatangatanga. Mwaka 2001 ulipoingia ugonjwa wa miguu na midomo, mifugo ikachinjwa kwa maelfu, hofu kubwa ya wafugaji haikuwa nyama. Ilikuwa kwamba kundi likiisha, hakuna wa kuwafundisha wengine mpaka uko wapi.

Kondoo, Dada. Kondoo anajua mwisho wa kwao, na Baba Mdogo aliyezaliwa pale, akalelewa pale, anasema hakumbuki kama masale, yale majani ya kupandwa mpakani, yalikuwa juu ya mparachichi au chini yake.

Yalikuwa chini. Marehemu Baba alinitembeza mimi na Kaka mpaka ule, mimi bado mdogo, kutoka kwenye jiwe la kunolea, unafuata masale mpaka mkuyu, unashuka na mfereji mpaka daraja la magogo. Aliturudisha tukautembee tena tukiwa peke yetu, yeye amekaa juu anatutazama. Kaka anakumbuka vizuri. Kama sasa anasema ana mashaka, ni kwa sababu ya ile pikipiki aliyokopeshwa, na mimi sisemi zaidi.

Kwa hiyo sikiliza ninavyotaka, na katika hili mnisamehe, nasema kwa ukali. Ile laki mbili ya "kumwona mtu" pale kata sitoi. Baraza la Kata siku hizi halina hukumu, kazi yake ni kusuluhisha. Wakishindwa wanawapa karatasi ya kuonyesha wameshindwa, mnakwenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ndivyo sheria ilivyobadilishwa mwaka 2021. Sasa huyo mtu mnamwona ili afanye nini? Nauli ya wilayani nitatoa. Ya mwandishi wa maombi nitatoa, kwa risiti. Ya kumwona mtu, hapana, hata ukilia.

Na kabla ya yote hayo mchukueni Mzee Athumani. Ndiye aliyekuwepo masale yalipopandwa, na macho yake mnasema yanakwenda. Mbebeni kwa bodaboda mpaka kwenye jiwe la kunolea, atembee mpaka wote kwa miguu yake, Salma arekodi kwa simu tangu mwanzo, asikate, na mwenyekiti wa kitongoji awepo. Masale mengine yaling'olewa lakini visiki vyake havifi upesi. Kwatueni nyasi mtaviona. Fanyeni hivyo wiki hii, mvua hazijaanza. Baba Mdogo mwalikeni rasmi, kwa heshima, mumpe kiti. Akija, vizuri. Asipokuja, nacho kirekodiwe kile kiti.

Simchukii. Msalimie. Mwambie picha nyingine inakuja, mwezi wa tatu, mpishi anataka tupande Helvellyn wenyewe theluji ikipungua, na safari hiyo Pip nitamshika mimi tangu mwanzo. Mwambie kwamba kilele kirefu kuliko vyote hapa, ukiwatoa Waskoti na Wales, ni Scafell Pike, mita 978, na kwamba shule yetu ya msingi tu imewapita, na sisi tulikuwa tunaipanda kila asubuhi na dumu la maji kichwani, bila viatu, bila ripoti ya mtu. Hilo nililisema kazini wakanyamaza wote. Nilifurahi sana. Halafu usiku nikakaa nikafikiri ile njia ya shule, pale penye kona ya miwa, na ukungu ukiwa unapanda, nikashindwa hata kula.

Msalimie Mama, mwambie dawa ya mguu asipunguze, anywe zote. Watoto wa shemeji niwasalimie, yule wa darasa la nne aniandikie mwenyewe, siyo wewe umwandikie. Bibi Zuhura nimesikia, Mungu amrehemu. Rambirambi nimemtumia mwanawe moja kwa moja.

Kuhusu bati: nimetuma ya geji 28, hesabu yake nimeipigia simu dukani mwenyewe. Fundi akikwambia geji 30 ni ile ile, siyo ile ile, ni nyembamba, na upepo wa mwezi wa nane utaibeba. Wakikuletea 30 usiishushe kwenye gari, irudishe na gari lile lile, na unipigie muda huo huo hata kama huku ni usiku.

Mdogo wako